X200 yenye Libreboot: GRUB inakataa nenosiri la diski, lakini kwenye Debian live linafungua

mtafiti_dom

Habari zenu wakuu,

Nina ThinkPad X200, ile ya Core 2 Duo P8600. Nimeiongezea RAM ikafika GB 8 na SSD ya GB 240. Ni mtumba wa Uingereza, nimeuchukulia Kariakoo. Rafiki yangu mwenye Raspberry Pi na klipu aliitoa bayosi ya kiwandani akaweka Libreboot, bayosi mbadala, toleo la 2022. Upande huo hakuna shida, mashine inawaka na menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo, inatokea vizuri.

Kazi yangu ni dodoso za kaya. Nikirudi kutoka vijijini laptopu inakuwa imejaa majina ya watu, namba za simu, nani ana ng'ombe wangapi, nani anauguliwa nyumbani. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, bosi anataka kila diski iwe imefungwa. Nikasema kama ni kufunga basi nifunge yote, pamoja na /boot (folda yenye kerneli, moyo wa Linux), maana GRUB tayari inakaa kwenye chipu na haihitaji kitu chochote cha wazi kwenye diski.

Nikaweka Debian 12 kwa ile njia ya kuongozwa, LVM (mgawanyo wa diski) ndani ya diski iliyosimbwa. Halafu nikaihamishia /boot ndani ya root, ile patisheni ndogo ya sda1 nikaiondoa kwenye fstab, nikawasha upya. GRUB ikauliza:

`Enter passphrase for ahci0,msdos5`

ikifuatiwa na UUID (namba ya utambulisho) ndefu. Nikaandika nenosiri, nikabonyeza Enter, jibu:

`error: Invalid passphrase.`

Nimerudia polepole, herufi kwa herufi, nikakagua na Caps Lock. Hola. Lakini nikiwasha kwa flashi ya Debian live nikaandika `sudo cryptsetup open /dev/sda5 ndani`, nenosiri lilelile linapokelewa na mafaili yote yapo. Kwa hiyo nenosiri nalijua. Jumatatu natakiwa Kondoa na mashine hii. Tatizo liko wapi?

Kamanda255

Mkuu, LUKS2 (mfumo wa Linux wa kusimba diski, toleo la pili) na GRUB hazipikiki chungu kimoja. Futa yote, sakinisha upya, chagua LUKS1. Jioni moja umemaliza.

fundi_kisauni

Ndugu yangu wa Dodoma, usifute chochote. Diski yako ni nzima, na ushahidi umeutoa mwenyewe ulipoifungua kwa live. Hapa Kisauni vijana wa chuo huniletea mashine za namna hii, na kinachonikera ni kwamba wengi wanafika diski ikiwa imeshafutwa kwa ushauri kama huu wa Kamanda (bila ubaya, kaka), na kosa liko palepale baada ya kusakinisha upya. Maana kinachokataa si diski.

Hilo *Invalid passphrase* la GRUB ni jibu la mtu mvivu. Utaliona ukikosea nenosiri. Utaliona pia GRUB ikiwa haiijui hesabu ya kugeuza nenosiri lako kuwa ufunguo. Na utaliona nenosiri likifika kwa GRUB likiwa si lile ulilodhani umeliandika. Maneno ni yaleyale, magonjwa ni matatu. La kwanza umeshaliondoa. Nashuku unayo mawili yaliyobaki kwa pamoja.

Tuanze na hesabu. LUKS haifungi diski kwa nenosiri lako. Diski imefungwa kwa ufunguo mkuu wa bahati nasibu, na mwanzoni mwa patisheni kuna kichwa chenye sloti. Kila sloti ina nakala ya ufunguo huo iliyofungwa kwa kitu kilichozalishwa na nenosiri. Ili mwizi asijaribu mamilioni ya maneno kwa pumzi moja, nenosiri hupitishwa kwanza kwenye hesabu iliyofanywa nzito kwa makusudi. LUKS1 inajua moja tu, PBKDF2, ambayo kazi yake ni kurudia hashi mara laki kadhaa au zaidi. LUKS2 ikaleta Argon2, ambayo mbali na muda inadai RAM, hadi GB 1, na ndiyo maana kadi za grafiki za wavunjaji zinapata taabu nayo. Debian inafunga diski kwa LUKS2 tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na ukiacha chaguo la kawaida unapata Argon2.

GRUB ilianza kuisoma LUKS2 kwenye toleo 2.06 la mwaka 2021, lakini kwa PBKDF2 peke yake. Libreboot yako ya 2022 imebeba GRUB ya kizazi hicho. Inakiona kichwa, inajua ni LUKS2, ndiyo maana inathubutu kukuuliza nenosiri. Ikifika kwenye sloti inakuta Argon2, inairuka, inaishiwa sloti, inakulaumu wewe. Wenye Libreboot walipachika Argon2 kwenye GRUB yao mwaka 2023, lakini hiyo haipo kwenye chipu yako.

La pili ni kibodi. Umesema mtumba wa Uingereza. Tazama kitufe cha 3, kina alama ya pauni? Kama kipo, basi @ yako iko karibu na Enter badala ya juu ya 2. Debian inalijua hilo kwa kuwa uliiambia wakati wa kusakinisha. GRUB ya kwenye chipu haiwezi kuyasoma mapendeleo ya Debian, Debian yenyewe bado iko ndani ya kufuli! Inafuata mpangilio uliotiwa ndani ya romu (lile faili linaloandikwa kwenye chipu), na romu ambazo wengi wanaweka ni zile zenye `usqwerty` kwenye jina la faili. Kuna za `ukqwerty` pia, ila mtu akiwa na klipu mkononi na jasho usoni hasomi jina la faili mpaka mwisho.

Kupima ni rahisi. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza `c`. Utapata `grub>`. Pale maandishi yanaonekana, tofauti na unapoulizwa nenosiri. Bonyeza vile vitufe vya alama ulivyotumia kwenye nenosiri lako, alama tu, usiandike nenosiri zima, uone kinachotokea kwenye skrini. Ukimaliza bonyeza Esc.

Halafu kwenye live, nipe hii:

`sudo cryptsetup luksDump /dev/sda5`

Bandika mistari michache ya Keyslots tu. Salt na digest za nini kuziweka hadharani.

mtafiti_dom

Mkuu, pauni ipo juu ya 3. Na nenosiri langu lina @ katikati na # mwishoni. Kwenye `grub>` nikibonyeza @ inatoka `"`, na # inatoka `\`. Nilibaki nimekodoa macho.

Na hii ndiyo luksDump:

```
Keyslots:
  0: luks2
     Key:        512 bits
     Priority:   normal
     Cipher:     aes-xts-plain64
     PBKDF:      argon2id
     Time cost:  4
     Memory:     812345
     Threads:    2
```

Sasa niflashi upya, au kuna njia nyingine kabla ya Jumatatu?

fundi_kisauni

Hakuna kuflashi kabla ya safari. Yote mawili yanatibika kwenye diski bila kugusa chipu.

Kwanza nakala ya kichwa. Chomeka flashi nyingine, ipachike (mount) mahali unapoweza kuiandika, halafu:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda5 --header-backup-file /media/usb/x200-kichwa.img`

Ni faili la MB 16 hivi. Umeme ukikatika katikati ya hatua inayofuata na betri yako ya mtumba ikagoma, faili hilo ndilo litakalorudisha mambo. Bila kichwa, data za kaya zako zote zinageuka kelele, na hakuna fundi wa Mombasa wala wa Dar atakayezisoma. Usiruke hapa.

Sasa badilisha nenosiri na hesabu kwa pamoja:

`sudo cryptsetup luksChangeKey --key-slot 0 --pbkdf pbkdf2 --iter-time 500 /dev/sda5`

Itakuuliza la zamani, kisha jipya mara mbili. Jipya liwe herufi ndogo a hadi z na nafasi, basi. Herufi hizo na nafasi ziko mahali pamoja kwenye kibodi ya Uingereza na ya Marekani, kwa hiyo GRUB, live na Debian zote zitasoma kitu kimoja. Alama za ajabuajabu watu huziweka wakidhani zinaongeza ulinzi. Urefu ndio unaoongeza.

Hiyo 500 naieleza, maana kuna atakayekuja kusema nimelegeza kufuli. Cryptsetup hupima nguvu ya kompyuta ndani ya Linux, halafu inachagua marudio yatakayochukua milisekunde ulizotaja. Usipotaja ni 2000. Lakini GRUB inafanya hesabu hizo kwa kiini kimoja, kwa msimbo (code) ambao haujanolewa kama wa Linux. Kinachochukua sekunde 2 ndani ya Debian kinaweza kuvuta hata nusu dakika ndani ya GRUB, na kwenye P8600 ndiyo usiseme. Watu wanaona skrini imeganda, wanazima kwa kitufe, wanasema mashine mbovu. Kwa 500 unapunguza kungoja mpaka robo hivi.

Unachopoteza ni kwamba mvunjaji naye kazi yake inapungua mara nne. Kirudishe kwa maneno. Tupa kete tano, zinakupa neno moja kati ya 7,776. Kila neno unaloongeza linamzidishia mvunjaji kazi mara 7,776. Mara nne ni nini mbele ya hapo? Chukua maneno saba ya kete ulale usingizi. Nimesema ya kete, si ya kichwani. Methali hapana, aya hapana, mashairi hapana. "haraka haraka haina baraka" ina herufi nyingi na imo kwenye orodha ya kila mwenye nia mbaya anayejua Kiswahili.

Na si utani kuhusu PBKDF2 kuwa dhaifu. Aprili 2023 Matthew Garrett, anayejulikana sana kwenye mambo ya kuwasha Linux, aliandika akiwahimiza watu wahamie Argon2id, baada ya habari kutoka Ufaransa kwamba polisi walikuwa wamefungua diski ya mtu iliyofungwa kwa LUKS. Ukiwa na nenosiri fupi ndani ya PBKDF2, hapo ndipo unapoumia.

Kisha zima, toa flashi, washa.

mtafiti_dom

IMEKUBALI! Imengoja kama nusu ya muda wa kusoma ujumbe wa simu, ikasema `Slot "0" opened`, menyu ya Debian ikaja. Fundi, Mungu akuzidishie.

Ila sasa inauliza mara mbili. Nikimaliza kwa GRUB, kerneli inapakia, halafu Debian nayo inaniambia `Please unlock disk sda5_crypt`. Maneno saba mara mbili kila asubuhi ni adhabu. Kwa nini GRUB isimwambie mwenzake?

bi_mkunazini

Asalaam aleykum. Hili la pili nalijibu mie, kwa vile ndilo nililokuwa nalo kwenye T400 yangu.

GRUB haimkabidhi kerneli ufunguo. Inafungua diski kwa ajili ya kusoma kerneli na initramfs (furushi dogo la mafaili ya kuanzia), inavipakia kwenye RAM, kisha inaondoka. Kerneli inaanza upya, haijui chochote kilichopita, inaikuta diski bado imefungwa. Dawa ni kutia ufunguo wa pili, wa faili, ndani ya initramfs. Kwa mashine ya kawaida hilo ni wazimu, ungekuwa unaacha ufunguo kwenye /boot ya wazi. Kwako initramfs yenyewe imo ndani ya diski iliyofungwa, asiyekuwa na maneno yako haifikii.

Kwa hivyo kwanza hakikisha kweli imo ndani:

`findmnt /boot`

Isitoe kitu. Ikitoa `/dev/sda1`, simama hapohapo, usiendelee hata hatua moja, maana ufunguo wako utaandikwa mahali pa wazi.

Ikiwa kimya, ingia kama root kwa `sudo -i`:

```
mkdir -m 0700 /etc/keys
( umask 0077 && dd if=/dev/urandom bs=1 count=64 of=/etc/keys/root.key )
cryptsetup luksAddKey --key-slot 1 --pbkdf pbkdf2 /dev/sda5 /etc/keys/root.key
```

Ufungue `/etc/crypttab`. Mstari wa sda5_crypt una neno `none` pale pa tatu. Liondoe, weka `/etc/keys/root.key`, na mwishoni ongeza `key-slot=1`, uwe hivi, UUID ubaki uleule wako:

`sda5_crypt UUID=... /etc/keys/root.key luks,discard,key-slot=1`

Kwenye `/etc/cryptsetup-initramfs/conf-hook` weka:

`KEYFILE_PATTERN="/etc/keys/*.key"`

Na kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` weka `UMASK=0077`. Huu watu wanausahau. Bila yake initramfs inasomeka na kila mtumiaji wa mashine, na mtumiaji yeyote ataweza kuchomoa ufunguo humo. Halafu:

```
update-initramfs -u -k all
lsinitramfs /initrd.img | grep cryptroot/keyfiles
```

Ukiona jina la faili la ufunguo, washa upya. Utaulizwa mara moja tu.

fundi_kisauni

Dada wa Mkunazini kamaliza. Naongeza moja: mpangilio wa sloti. GRUB inazijaribu kwa zamu, 0 kisha 1, na kila sloti inalipiwa muda wake. Maneno yako yakiwa 0 na faili likiwa 1, ukiandika sawasawa hungoji zaidi. Ukikosea neno moja, itapita zote mbili kabla ya kukukatalia, kwa hiyo usishtuke kukataliwa kukichelewa kuliko kukubaliwa. Na Libreboot ya kizazi chako ikikataa, inaweza kukurudisha kwenye menyu au kukuacha kwenye `grub>`. Ukiachwa hapo, huna haja ya kuzima:

```
cryptomount (ahci0,msdos5)
ls
configfile (lvm/jina-root)/boot/grub/grub.cfg
```

Jina halisi la LVM litaonekana ukiandika `ls`. Diski haiitwi hd0 hapa kwa sababu hakuna bayosi ya kiwandani ya kuulizwa. GRUB inazungumza na kidhibiti cha SATA yenyewe, ndiyo `ahci0`.

Kamanda255

Mimi bado sijaona faida. /boot ina nini cha siri? Kerneli ya Debian kila mtu anayo. Acha /boot wazi, funga data, Argon2 yako inabaki, kila kitu kinafanya kazi bila mateso haya.

fundi_kisauni

Swali zuri, kaka. Siri ndani yake hamna. Shida ni kwamba inaandikika.

Ukiacha laptopu imezimwa kwenye chumba cha gesti ukaenda kula, mtu anachomeka flashi yake, anabadilisha initramfs kwenye /boot ya wazi iwe ileile ila na mistari miwili ya ziada inayohifadhi unachoandika. Unarudi, unaandika nenosiri, mashine inawaka kama kawaida. Keshokutwa anarudi kulichukua. Joanna Rutkowska alilionyesha hili hadharani mwaka 2009 kwa flashi ya USB, dhidi ya TrueCrypt, na jina la shambulio la mhudumu wa hoteli limebaki hadi leo. Kwa bayosi ya kiwandani huwezi kuliziba kwa kufunga diski tu, maana bayosi haijui LUKS. Lazima sehemu fulani ya GRUB ikae wazi kwenye diski ili kitu kianze. Ukiwa na coreboot, ambayo ndiyo msingi wa Libreboot, hiyo sehemu ya wazi imehamia kwenye chipu ya MB 8 iliyochomelewa kwa risasi ubaoni. Diski yote inaweza kuwa kelele tupu.

Coreboot yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya wasiwasi huu. Ilianza mwaka 1999 kwenye maabara ya Los Alamos kwa jina la LinuxBIOS, Ron Minnich na wenzake wakitaka kompyuta za kundi kubwa ziwake bila mtu kwenda kubonyeza kitufe kwenye kila moja. Mwaka 2008 ikabadilishwa jina. Libreboot ni coreboot iliyofungashwa tayari, ikiwa na GRUB au SeaBIOS juu yake. Na X200 inapendwa kwa sababu kwenye kizazi chake cha chipseti ya GM45 ile Management Engine ya Intel, kompyuta ndogo iliyojificha ndani ya mashine, inaweza kuondolewa yote, si kupunguzwa kama kwenye mashine zilizofuata.

Lakini sitamdanganya mtu wa Dodoma kwamba sasa hagusiki. Mwenye klipu, bisibisi na nafasi ya kutosha anaweza kuiflashi chipu yenyewe. Kufunga /boot pia hakuthibitishi kwamba GRUB ni ileile; kunamnyima tu mgeni njia rahisi. Anayetaka uthibitisho aende Heads, ile ya Trammell Hudson iliyoonekana hadharani mwaka 2016. Huko chipu inabeba kerneli ndogo ya Linux, /boot inabaki wazi lakini imetiwa saini, na TPM (chipu ya usalama) inakuambia kama kitu kimebadilika. Hiyo Kamanda ungeipenda, Argon2 inabaki kwa kuwa anayefungua ni Linux mwenyewe. Ila kwa X200 ya dodoso na safari ya Jumatatu, hapana.

Na kwenye basi, mtafiti, zima mashine kabisa. Kufunga kifuniko ikalala si kuzima. Ufunguo unabaki kwenye RAM muda wote huo, na watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba RAM huhifadhi vitu kwa sekunde hadi dakika hata baada ya umeme kukatwa, zaidi ikipozwa. Kwa hiyo ikiibiwa imelala, usihesabu kwamba kufuli limefungwa.

mtafiti_dom

Nimefuata ya dada, inauliza mara moja tu. `findmnt` ilikuwa kimya.

Maswali mawili ya mwisho. Nikirudi niweke Libreboot mpya nirudi Argon2? Na lile faili la kichwa, nililoweka kwenye flashi, nilifanyeje?

fundi_kisauni

Ukirudi, ndiyo, na safari hii klipu si lazima. Kwa kuwa Libreboot tayari imo, X200 inaweza kujiflashi yenyewe kutoka ndani ya Debian kwa flashprog, ukiwasha kerneli na `iomem=relaxed`. Mambo ya kuangalia: chagua romu ya MB 8 yenye `ukqwerty`, soma MAC (namba ya utambulisho) ya kadi ya mtandao kwa `ip link` kabla hujaanza na uiandike upya kwenye romu kwa nvmutil, kwa sababu kwenye X200 MAC inakaa ndani ya chipu hiyohiyo. Betri iwe ndani na imejaa, chaja iwe imechomekwa. Na mwombe rafiki yako wa Raspberry Pi akae karibu, maana ikikatika katikati ni klipu tu itakayoiamsha. Akikuletea kile kifaa cha kuflashia cha CH341A cheusi cha bei chee badala ya Pi, mwulize kama amekirekebisha. Kilivyo kutoka dukani kinatoa volti 5 kwenye nyaya za data, na chipu yako inataka 3.3.

GRUB mpya ikishakaa na ukaona inafungua kwa PBKDF2, ndipo urudishe:

`sudo cryptsetup luksConvertKey --key-slot 0 --pbkdf argon2id /dev/sda5`

Kwa mpangilio huo. Ukigeuza sloti kwanza kabla ya chipu umerudi ulikoanzia. Sloti ya faili iache na PBKDF2, baiti 64 za bahati nasibu hazihitaji msaada wa Argon2.

Faili la kichwa: hilo ulilonalo ni la kabla ya mabadiliko, na ndani yake nenosiri lako la zamani la @ na # bado linafungua ufunguo uleule wa diski. Kubadilisha nenosiri hakukubadilisha ufunguo mkuu. Kwa hiyo chukua nakala mpya leo, halafu ile ya zamani iharibu kwa `shred -u`, na kwa vile flashi za USB haziaminiki kufuta, ukiweza tumia flashi nyingine kwa ile mpya na ya zamani ivunje. Hiyo mpya usiibebe Kondoa. Iache Dodoma kwa mtu unayemwamini, mbali na laptopu.